Malori yaliyoivusha Zambia

Tarehe 11 Novemba 1965, mjini Salisbury, Ian Smith alitangaza kwamba Rhodesia ya Kusini imejitenga na Uingereza ili weupe wachache waendelee kuitawala. Jirani yake wa kaskazini, Zambia, ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu uliotangulia, na karibu kila kilichoiweka hai kilipitia mikononi mwa Smith. Reli ya kupelekea shaba baharini ilipita kwake. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba hiyo yalichimbwa Wankie, kwake. Umeme wa migodini ulitoka Kariba, na mitambo ya kuufua ilikuwa ng'ambo ya kusini ya mto Zambezi, kwake tena. Petroli na dizeli zilitoka kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta karibu na Umtali, kwake pia. Mwezi Desemba Uingereza ilipoiwekea Rhodesia vikwazo vya mafuta, Smith naye akaikatia Zambia.

Lusaka ikaingia kwenye mgawo wa petroli. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zilianza kubeba mapipa ya mafuta kuyapeleka Zambia, na msaada huo haufai kubezwa. Lakini ndege huchoma mafuta mengi ili kufikisha machache, na nchi iliyokuwa ikizalisha karibu tani 700,000 za shaba kwa mwaka haiwezi kuendeshwa kwa mapipa yanayoshuka kutoka angani. Ilibidi itafutwe njia ya ardhini, na macho yote yakageukia Dar es Salaam.

Njia ilikuwepo, kama ingestahili kuitwa njia. Kutoka Dar es Salaam hadi Lusaka ni karibu kilomita 2,000. Lami iliishia maeneo ya Morogoro. Kutoka pale ni udongo na changarawe: Mikumi, Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma; halafu upande wa Zambia Nakonde, Mpika, Serenje, mpaka Kapiri Mposhi. Na balaa la Smith lilikuja na mvua. Kwenye Nyanda za Juu Kusini za Tanzania na kaskazini mwa Zambia mvua huanza kunyesha mwezi Novemba, na hadi Aprili udongo mwekundu unakuwa uji. Malori yalizama hadi ekseli. Lililokwama mbele liliwafungia njia waliokuwa nyuma, na madereva na matingo wakalala porini wakisubiri jua likaushe njia au trekta lije kuwavuta. Kiangazi tope liligeuka vumbi zito lililoficha mashimo na magari yaliyokuwa yakija. Magazeti ya Kiingereza yaliibandika jina la Barabara ya Jehanamu, nalo likashika.

Mzigo wa kwenda ulikuwa mapipa. Pipa moja la mafuta lina lita 200 na ushee, nayo yalisimamishwa bega kwa bega kwenye bodi la lori na kufungwa kwa kamba. Barabara ya makorongo iliyagonganisha usiku na mchana, mishono ikaachia, mafuta yakavuja njia nzima. Dereva aliyetoka Dar na mzigo kamili hakuwa na hakika ya kufika Ndola na mzigo kamili. Tena alikuwa amekalia petroli huku breki zake zikiwaka kwa joto.

Mzigo wa kurudi ulikuwa shaba, na hapo ndipo ufundi wa dereva ulipopimwa. Mita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu tani 9. Mikuo ya shaba, kila mmoja ukizidi kilo 100, ilipangwa chini kabisa juu ya sakafu ya tela, na ukitazama kwa mbali ungesema gari linarudi tupu, kumbe limebeba mpaka mwisho wa nguvu zake. Sasa fikiria jiografia ya safari hiyo. Anayetoka Dar hupanda Kitonga. Anayetoka Zambia huishuka. Shaba yote ilibidi iteremshwe kwenye kona zile, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Dereva aliyeijua kazi yake aliteua gia ndogo kabla hajaanza kushuka, akaiachia injini imzuie, na breki akazigusa tu. Anayeshuka kwa kutegemea breki huzichemsha, na zikishachemka hazishiki. Akijaribu kurudisha gia katikati ya mteremko, gia inaweza kukataa kuingia, gari likabaki huru na tani zote zile zikisukuma kutoka nyuma. Kanuni hiyo haijabadilika. Ukipita Kitonga leo utasikia harufu ya breki zilizochemka hata kabla hujaliona gari lenyewe.

Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya malori, Zambia Tanzania Road Services, na kampuni ya Kiitaliano ya Intersomer ikaingia kama mbia. Malori yake yalikuwa Fiat zenye tela. Palikuwa pia na wenye magari binafsi, wakubwa na wadogo, waliojitosa kwa sababu nauli ilikuwa nono na hatari haikumtisha mwenye shida. Hivyo ndivyo Zambia ilivyopata mafuta, vipuri na vyakula, na hivyo ndivyo shaba yake ilivyofika kwenye meli. Nyerere na Kaunda waliamua, ni kweli, na uamuzi wao ulihitaji ujasiri, kwa kuwa Tanzania maskini ilikuwa inajibebesha mzigo wa jirani. Lakini uamuzi wa Ikulu hauchomoi gurudumu kwenye tope la Chimala.

Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968 mikononi mwa Waitaliano, na mapipa yakapumzika. Lami nayo ikaanza kusonga kuelekea kusini kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na Sweden, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 dereva aliweza kutoka bandarini hadi Lusaka bila kuomba trekta. Wakati huo huo Wachina walikuwa wakitandika reli ambayo sehemu kubwa ya njia yake inakwenda sambamba na barabara. Benki ya Dunia ilikuwa imeshaikataa reli hiyo kwa hoja kwamba haitalipa. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na mwaka 1976 TAZARA ikakabidhiwa rasmi: kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi.

Wengi walidhani siku za lori zimekwisha. Haikuwa hivyo. Mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa Januari 1973, na mwaka 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela iliyokwenda Lobito. Shehena ya Zambia ikaielemea Dar es Salaam, ikarundikana bandarini, na Oktoba 1978 Kaunda akalazimika kuifungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia kwa sababu mbolea ya wakulima ilikuwa haifiki. TAZARA nayo ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka na haikuwahi kufikia hapo. Vichwa vya treni viliharibika, vipuri vikakosekana, na katikati ya miaka ya 2010 ilishuka chini ya tani 100,000 kwa mwaka. Tani nyingi zilizoachwa na treni zilipakiwa kwenye lori.

Barabara ilijenga miji. Makambako, Mbalizi na Tunduma zilinenepa kwa maegesho, magereji, mama lishe na nyumba za wageni. Kiswahili kilivuka mpaka ndani ya kabini, na sokoni Nakonde unanunua na kuuza kwa lugha hiyo bila shida. Barabara ilileta pia msiba. Miaka ya 1980 na 1990 ukimwi ulisambaa kwenye vituo vya malori, ukawachukua madereva, ukawachukua wanawake waliowapikia na kuwapokea, ukaacha yatima kuanzia Iringa hadi Mbeya. Walionyooshewa kidole ni madereva, kana kwamba walijichagulia kukaa wiki nzima mpakani wakisubiri karatasi zigongwe muhuri. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 tu.

Shaba inayoteremka Kitonga siku hizi sehemu kubwa inatoka Kongo, maeneo ya Kolwezi na Likasi. Inavuka Kasumbalesa, inaikata Zambia, inaingia Tunduma ikiwa mabamba yaliyofungwa mafungu ya tani mbili mbili, bado chini kabisa kwenye sakafu ya tela. Bomba la TAZAMA, ambalo kwa miaka mingi lilisukuma mafuta ghafi, lilibadilishwa mwaka 2023 ili lipitishe dizeli iliyo tayari kutumika. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA. Ni habari njema kwa barabara iliyochoka, na hata kwa madereva, wanaokufa wengi mno.

Hata hivyo kuna deni. Wachina waliofia kazini wakijenga TAZARA wana makaburi yanayotunzwa Gongo la Mboto, yanawekewa mashada na viongozi, na ni haki yao. Sijaona popote, kutoka Chalinze hadi Tunduma, jiwe lenye majina ya madereva na matingo waliokufa na mapipa ya mafuta kwa ajili ya uhuru wa nchi jirani. TAZARA, Reli ya Uhuru, husimuliwa kuliko miaka kumi ya malori iliyoitangulia. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1966 sasa ana miaka themanini na kitu. Baadhi yao huenda bado wapo, Ipogolo, Mbalizi, Kabwe, Ndola. Idara ya historia ya chuo kikuu chochote cha nchi hizi mbili ingeweza kuwapelekea vinasa sauti mwaka huu huu, ikawauliza majina ya wenzao waliobaki mlimani, na wizara ya ujenzi ikayachonga kwenye jiwe pale juu Kitonga, mahali ambapo dereva anasimama kuteua gia.