Ala na kiala: kulipa jina tunda la jamii ya haradali

Ukizikuta Arabidopsis thaliana na Capsella bursa-pastoris zikiwa na maua tu, ni rahisi kuzichanganya. Zote ni magugu madogo ya jamii ya haradali, yenye majani yaliyotandaa chini, shina jembamba, na maua meupe yenye petali nne zilizokaa kimsalaba, kila petali urefu wa milimita chache tu. Subiri matunda. La Arabidopsis ni jembamba: hupita sentimita moja kwa urefu, na upana wake ni kama milimita moja. La Capsella ni bapa, lina umbo la moyo, na ndilo lililoupa mmea huo jina lake la Kilatini, mkoba wa mchungaji.

Wanabotania huliita la kwanza silikwa na la pili silikula. Urefu ukifika mara tatu ya upana au zaidi, ni silikwa; chini ya hapo, silikula.

Mfasiri anayeharakisha ataandika "ganda" kwa yote mawili, nami siliafiki neno hilo. Ganda la kunde lina chumba kimoja. Sasa chukua tunda la Arabidopsis lililokauka, uliguse kwa ukucha: vifuniko viwili vinabanduka kuanzia chini kwenda juu, na katikati kinabaki kiambaza chembamba kinachopenya mwanga, mbegu zimeshikilia kingoni. Capsella nayo ina kiambaza hicho. Kunde haina.

Napendekeza ala, neno tulilonalo tangu zamani kwa mfuko wa kisu au upanga. Kilatini kilipata silicula kwa kuidogosha siliqua. Nasi tuna ki- yetu, basi tuseme kiala (si chala, kama vile tunavyosema kiatu).

Undugu wa maneno haya una maana. Mwaka 1753 mwanabotania Linnaeus aliitenga mimea hii miwili katika makundi tofauti, kwa sababu ya urefu wa tunda tu. Vinasaba vimeonyesha kwamba ni jamaa wa karibu. Na Arabidopsis, mmea wa kwanza duniani kusomwa jenomu yake, mwaka 2000, huota porini hata Kilimanjaro na Elgon. Si mgeni kwetu.

Walimu wa biolojia na watunga kamusi, ganda waachieni kunde na maharage. Haradali ipeni ala.