Waya Nyeusi: Kanuni za Umeme, Lugha na Fundi Mhamaji kati ya Dzaleka na Lilongwe

Fundi wa umeme aliyejifunza kazi Bukavu au Bujumbura, akifungua soketi katika nyumba ya zamani jijini Lilongwe, hukutana na waya nyekundu, nyeusi na ya kijani. Katika mkondo wa Kibelgiji aliofunzwa, nyutro ni ya buluu, na nyeusi ni mojawapo ya rangi za waya yenye umeme. Katika nyumba hiyo nyeusi ndiyo nyutro. Akienda kwenye mitambo ya fezi tatu ya zama hizo, hukuta fezi nyekundu, njano na buluu. Rangi mbili zimebadilishana kazi, na aliyezikariri kwa moyo ndiye aliye hatarini zaidi. Makala haya yanadai kwamba swali la kwanza la fundi mhamaji si kanuni iko ukurasa gani, bali ni kitabu kipi kilichotawala ukuta ulio mbele yake. Jibu la swali hilo ni la kihistoria.

Kanuni za Kiingereza zilianza London mwaka 1882, zikiwa kurasa chache za kuzuia moto utokanao na taa za umeme. Zilitolewa na chama cha wahandisi wa simu na umeme, zikaendelea kurekebishwa toleo baada ya toleo, hata toleo la 16 likafanywa kiwango cha taifa, BS 7671, mwaka 1992. Mkondo huo ndio uliofika Nyasaland. Shirika la umeme, ESCOM, lilianzishwa mwaka 1957, miaka saba kabla ya uhuru wa Malawi. Lilongwe ilipofanywa makao makuu mwaka 1975, nyekundu na nyeusi zilikuwa bado rangi za kawaida. Waingereza wenyewe waliziacha mwaka 2004, wakachukua kahawia na buluu za Ulaya bara. Kwa hiyo nakala ya zamani ya toleo la 16 na nakala ya toleo la 17 la mwaka 2008, zikiwekwa mezani pamoja, zinapingana juu ya waya ileile. Mwenye kivuli cha kitabu kisicho na ukurasa wa jalada hana namna ya kujua ameshika kipi.

Hata hivyo rangi ni jambo jepesi kuliko saketi. Mwaka 1942, vita vikiendelea, Uingereza iliunda kamati ya kufikiria umeme wa nyumba zitakazojengwa baadaye. Caroline Haslett, mwanamke pekee kati ya wajumbe wake, alisisitiza usalama wa watoto, na vifuniko vya ndani vya matundu ya soketi vinadaiwa sehemu kwake. Shaba ilikuwa adimu. Ukaja mpango wa kebo inayotoka kwenye kisanduku cha fyuzi, kuzunguka soketi zote na kurudi palepale ilipoanzia, pamoja na plagi yenye fyuzi yake ndani, iliyotolewa kama BS 1363 mwaka 1947. Kwa kuwa umeme hufika kwenye kila soketi kutoka pande mbili, kebo ya milimita za mraba 2.5 inaweza kulindwa kwa ampea 30, na siku hizi 32.

Kanuni kuu za Ubelgiji za mwaka 1981 hazikubali jambo hilo: kebo ya 2.5 hulindwa kwa ampea 20 tu, nayo huenda bila kurudi. Fundi wa mkondo huo akiona ampea 32 juu ya kebo ya 2.5 atasema aliyemtangulia alikosea, na kwa kitabu chake atakuwa amesema kweli. Hatari kubwa huja pale anapoikata pete ili aongeze soketi, asiunganishe upande wa pili, kisha akaacha ulinzi uleule. Hakuna taa itakayozimika kumwonya. Soketi zote zitafanya kazi, huku kila nusu ya pete ikiwa kebo moja iliyolindwa kwa kiwango kisichoifaa.

Dzaleka, wilayani Dowa, ilikuwa gereza la kisiasa enzi ya Kamuzu Banda, ikafanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Leo ina zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho daraja lao. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, lakini iliweka pingamizi, zikiwamo zinazohusu ajira na uhuru wa kutembea; mwaka 2023 serikali iliwaamuru walioishi nje ya kambi warejee. Kazi ya kutandaza nyaya, kwa upande wake, inataka leseni ya mamlaka ya nishati, MERA, iliyotokana na sheria za mwaka 2004. Basi mtu anaweza kuwa na miaka mingi ya kazi mikononi na bado akawa mbali na majengo, na mbali na vitabu vinavyoyaeleza.

Kisha kuna lugha. Kitabu ni cha Kiingereza. Mwenye nyumba husema magetsi. Fundi wa Bukavu husema prizi, fizibu na tera, mwenzake wa Kigoma husema soketi, fyuzi na ethi, na wote wawili wanazungumza Kiswahili. Wasanifishaji wetu wamezoea kuchagua neno moja na kulifuta jingine; katika kazi hii naona ni kosa, kwa sababu neno linalofutwa ndilo ambalo mtu huyo atalipigia kelele akiwa juu ya ngazi. SADC ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, na bado fundi hawezi kupata jedwali la ukurasa mmoja linaloweka prizi na soketi kwenye mstari mmoja, na mbele yake mkondo wa kanuni, mwaka wa toleo, ukubwa wa kebo, kiwango cha ampea na rangi ya nyutro. Safu ya rangi ndiyo ningeanza nayo: nyeusi, nyutro, Uingereza kabla ya 2004, nyeusi, fezi, Ubelgiji, na katika safu ya mwisho, kwa kila mstari, neno pima.