Ukutani mwa Mama: Malazi ya Mtoto Mchanga Tiwi na Pwani ya Kusini

Kwa wakazi wa pwani ya kusini mwa Kenya, suala la mahali pa kumlaza mtoto mchanga halikuwa suala la kuchagua kitanda, kwa kuwa mtoto alilala kitandani kwa mama yake na hapakuwa na shauri jingine. Lililoamuliwa ni chumba, watu watakaolala chumbani humo, na upande wa mama ambao mtoto angewekwa. Historia ya malazi ya mtoto huko Tiwi, eneo linaloanzia kusini mwa Waa na kufika mlango wa Mto Mwachema unaolitenganisha na Diani, kwa hiyo ni sehemu ya historia ya nyumba.

Wadigo, ambao ndio wenyeji wengi wa Kwale ya pwani na ni mojawapo ya makabila tisa ya Wamijikenda, walikuwa wamekwisha kuingia katika Uislamu kwa wingi katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, huku wakiendelea kuhesabu ukoo kwa upande wa mama. Nyumba yao ya kawaida, yenye kuta za boriti na fito zilizokandikwa udongo na paa la makuti, ilikuwa na ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, na mzazi, kama anavyoitwa mwanamke aliyetoka kujifungua, alipewa chumba cha ndani, mbali na mlango wa mbele na barazani palipokaa wageni wa kiume. Mpango huo si wa Wadigo peke yao. Katika nyumba za mawe za Lamu, zilizochunguzwa na Usam Ghaidan na James de Vere Allen katika miaka ya 1970, vyumba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka uani, na kile cha ndani kabisa, kilichoitwa nyumba ya kati, ndicho kilichotengewa uzazi na pia kuoshea maiti. Tajiri wa Lamu na mvuvi wa Tiwi hawakufanana kwa mali, lakini walikubaliana kwamba binadamu hupokelewa duniani mahali pasipofikiwa na macho ya wapitao.

Muda wa kukaa humo ulikuwa arobaini, yaani siku 40 za mapumziko baada ya uzazi, ambazo mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kulishwa uji wenye viungo. Hesabu hiyo ina uhusiano na sheria ya Kiislamu kuhusu nifasi, damu ya uzazi, ijapokuwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani huifanya 40 kuwa desturi tu, na upeo wake kuwa siku 60. Katika muda huo baba alihamia chumba kingine au alilala ukumbini, na nafasi yake ikachukuliwa na mama wa mzazi, shangazi au somo, mwanamke wa makamo aliyemfunda mzazi alipokuwa mwari. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba chumba cha mtoto mchanga kilikuwa na watu wazima wawili, mmoja wao akiwa hakuzaa juzi na kwa hiyo hakulemewa na usingizi. Anayezungumzia mtoto wa zamani kulala na mama yake bila kumtaja bibi aliyekuwa chini mkekani anaeleza nusu ya mpango.

Kitanda chenyewe kinastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndicho kilichobadilika zaidi. Kilikuwa na matendegu manne, yaani miguu, yaliyounganishwa kwa mifumbati, miti mirefu ya ubavuni, na juu yake ikasukwa kamba ya ukindu au ya usumba. Usumba ni nyuzi za makumbi ya nazi, ambayo hufukiwa kwa miezi kadhaa katika matope yanayofikiwa na maji ya bahari mpaka nyama yake ioze, kisha hufukuliwa, hupondwa kwa magongo na kusokotwa. Juu ya kamba ulitandikwa mkeka, na juu ya mkeka leso kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa. Hewa ilipita chini, mkojo ulichuruzika hadi sakafu ya udongo, na asubuhi mkeka ulianikwa. Hata hivyo kitanda cha kamba hakikuwa na sifa tupu: kunguni walijificha katika mafundo, ndipo kikabidi kutolewa juani na kumwagiwa maji ya moto, na kamba ilipolegea katikati palifanyika bonde ambalo mtoto aliweza kubingirikia chini ya mwili wa mama. Kukaza kamba upya kulikuwa kazi ya lazima ya usalama.

Kwa kawaida mtoto aliwekwa upande wa ukutani, mama akiwa kizuizi kati yake na mlango. Mchagoni, yaani upande wa kichwa, kiliwekwa kisu au kipande cha chuma chini ya mto, na mwilini mwake kikafungwa kifurushi cha mvuje, utomvu wenye harufu kali, ili kumkinga na hasadi, majini na degedege, ugonjwa wa kukakamaa viungo uliohusishwa na ndege wa usiku. Degedege hiyo mara nyingi ilikuwa homa kali ya malaria, na aliyeileta alikuwa na mabawa kweli, ila hakuwa ndege. Mchana mtoto aliweza kulazwa katika pembea ya leso iliyofungwa nguzoni. Usiku alirudi kitandani, kwa sababu ananyonya, na Kurani inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha.

Karne ya 20 ilileta wodi. Katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani, na katika baadhi ya zile zilizofuata mfano wao, watoto walitengwa na mama zao na kuwekwa katika chumba chao kwa hofu ya maambukizo, mpaka mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipotoa hatua kumi za kulinda unyonyeshaji, mojawapo ikiwa mama na mtoto kukaa chumba kimoja saa 24. Kwa watoto wanaozaliwa na uzito mdogo sana mabadiliko yalikwenda mbali zaidi: njia iliyoanza Bogotá mwaka 1978, ya kumfunga mtoto kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, ilipojaribiwa mara tu baada ya kuzaliwa katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha vifo vikipungua kwa asilimia 25. Mwanamke wa Tiwi anayejifungua leo Msambweni, baada ya Kenya kufuta ada za uzazi katika hospitali za umma Juni 2013, hukuta kitanda chake na cha mtoto vimekaribiana.

Badiliko kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni chandarua. Majaribio yaliyofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1996 yalionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 33, na mwaka 2006 serikali iligawa bure vyandarua milioni 3.4 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hapa desturi na dawa zilisaidiana bila kupangwa, kwani mtoto anayelala na mama yuko chini ya chandarua kilekile, ilhali kaka zake walio mkekani hukosa.

Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2022, wanashauri mtoto alale chumba cha wazazi kwa miezi sita angalau, lakini juu ya malazi yake mwenyewe, chali, pagumu na tambarare, pasipo mito wala blanketi. Ushauri huo ukipimwa kwa nyumba ya Tiwi, chumba kinakubaliana nao na kitanda hakikubaliani. Na kitanda cha sasa hakikubaliani zaidi kuliko cha zamani, kwa maana kamba iliyokazwa imeondoka na badala yake limekuja godoro la sponji linalobonyea, mto wa sufi na blanketi zito, huku upande wa ukutani ukibaki na mwanya ambao mtoto anaweza kunasa. Bibi wa mkekani naye, katika nyumba nyingi za kupanga za Diani na Ukunda, hayupo tena. Mkunga anayetoa nasaha kliniki angefanya vyema kuanza na godoro, mto na mwanya huo, kabla ya kumwambia mzazi amtoe mtoto kitandani.