Nasaba Isiyo na Mfalme: Urithi wa Mugwe na Usomaji wa Simulizi za Meru na Embu

Mhakiki aliyelelewa na Tarehe ya Pate, ambamo masultani wa Kinabahani hufuatana kila mmoja na miaka yake tangu mapema katika karne ya 13, huzikabili simulizi za Meru kwa swali moja: nani alimrithi nani? Swali hilo ni halali pwani. Bara, laweza kumpotosha msomaji.

Mugwe, ambaye Bernardo Bernardi alimwandikia kitabu mwaka 1959, alikuwepo miongoni mwa Waimenti, Watharaka, Waigembe, Watigania na Wachuka. Cheo chake kilirithiwa ndani ya ukoo. Hata hivyo, hakuamuru jeshi wala kutoza kodi. Nguvu yake ilikuwa baraka, iliyoaminiwa kukaa katika mkono wa kushoto uliofichwa machoni pa watu. Uendeshaji wa nchi ulikuwa wa wazee, na madaraka yalipita kutoka rika hadi rika. Kwa hiyo palikuwa na urithi wa namna mbili: wa damu, uliohifadhi baraka, na wa marika, uliohamisha utawala. Anayetafuta mti mmoja wa nasaba huichanganya mikondo hiyo na kumwona Mugwe kuwa mfalme dhaifu, ilhali hakuwa mfalme hata kidogo.

Utata huo huonekana katika simulizi ya kutoka Mbwaa. Kiongozi aliyewavusha watu maji hutajwa na baadhi ya wasimulizi kwa jina la Koomenjue. Wengine humwita Mugwe tu. Ikiwa cheo husimama mahali pa jina, mtu mmoja katika masimulizi aweza kubeba vizazi kadhaa. Ndiyo maana Jeffrey Fadiman, katika kuipanga historia ya Wameru, alitegemea mfuatano wa marika.

Embu huongeza fundo jingine. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Njeru wa Ireri humzaa Ireri wa Njeru, na majina huzunguka. Msimulizi akiruka mzunguko mmoja, watu wanne huwa wawili bila sikio kushtuka. Aidha, simulizi ya Mwenendega na Nthara haimweki mrithi kitini: katika mapokeo yasimuliwayo sana, watoto wao Kembu na Werimba hufukuzwa kwa kuvunja mwiko, nao ndio wanaokuwa chimbuko la Waembu. Nasaba hapa huanza kwa kosa, si kwa taji.

Waingereza walipoitwaa Embu mwaka 1906 na kuweka kituo Meru mwaka 1908, walihitaji machifu. Tangu hapo kumtaja babu kuliweza kuwa hoja mbele ya serikali. Msomi hana budi kuuliza kila orodha ilitamkwa mbele ya nani, na kwa madai gani.

Hata Pate haikusalimika: mwaka 1969 Neville Chittick alionyesha kwamba ukale wa utawala unaodaiwa na tarehe hiyo ni wa kutiliwa shaka. Orodha ndefu si lazima iwe ya kweli zaidi kuliko simulizi yenye mapengo. Pengo katika nasaba ya Mugwe si usahaulifu wa mtambaji; ni alama ya jamii iliyokataa kuweka baraka na utawala katika mkono mmoja. Anayelijaza kwa majina ya kubuni huandika historia ya ufalme ambao Wameru hawakuujenga.