Atabaki ama Atahama? Tarikhi ya Tetesi za Usajili Kariakoo

Ligi inapokunja jamvi lake, na wachezaji wakashika njia za makwao, wengine Zanzibar na Kigoma, wengine Lusaka na Ouagadougou, katika mitaa ya Kariakoo, baina ya Msimbazi yalipo makao ya Simba na Jangwani yalipo makao ya Yanga, huanza shindano jingine lisilo na mwamuzi wala dakika 90, nalo ni la kukisia nani atabaki na nani atahama. Kwa muuza kahawa, kwa kinyozi, ndani ya daladala na hata mlangoni mwa msikiti watu wakitafuta viatu vyao baada ya sala ya alasiri, swali huwa hilo hilo. Wako waungwana wanaolidharau wakaliita kazi ya wasio na kazi. Mimi naliheshimu, maana lina tarikhi ndefu kuliko umri wa wengi wanaolidharau, na wanaoliuliza wana haki nalo.

Yanga iliasisiwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata wakazaliwa wale ambao, baada ya kuitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, walilipata jina la Simba mwaka 1971. Vilabu hivi havikuwa mali ya tajiri mmoja wala ya serikali. Vilikuwa vya wanachama, watu wa mitaani waliotoa ada kidogo kidogo, wakakaa mkutanoni, wakachagua viongozi wao na kuwaondoa walipowachoka. Soka ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji alishinda kazini, bandarini au katika shirika la umma, alasiri akaenda mazoezini, na magharibi akarejea nyumbani kwa miguu akiamkiwa na watoto wa mtaa uliomlea. Mtu wa namna hiyo akiiacha Yanga akaenda Simba, au akiiacha Simba akaenda Yanga, wenzake wa jana walimhesabu kuwa ameritadi, na uvumi wa kuhama kwake uliweza kuzaliwa na jambo dogo kabisa, kama vile kuonekana usiku akitoka nyumbani kwa kiongozi wa upande wa pili. Mwaka 1976, mgogoro wa Yanga ulipozaa klabu ya Pan African, na wachezaji waliokuwa nguzo wakaondoka kwa mkupuo, mashabiki wa Jangwani walijikuta wakiwahesabu waliobaki badala ya waliohama.

Katika muongo huo huo Sunday Manara, aliyepewa lakabu ya Kompyuta, alivuka bahari akaenda kuichezea Heracles ya Uholanzi, na mashabiki wakaona kwamba nyota wao aweza kuhama pasipo kumwendea hasimu wao. Huzuni ya kuondokewa ikachanganyika na fahari, na mchanganyiko huo ndio waliouonja tena Simba mwaka 2011, pale Mbwana Samatta alipochukuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, mji ambao nao huzungumza Kiswahili, akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016 na Aston Villa ya Uingereza Januari 2020.

Lakini tetesi zenye moto hasa ni za safari fupi, ile ya kutoka Msimbazi hadi Jangwani, ambayo kwa miguu haimalizi hata robo saa. Kwa ajili ya safari hiyo watu wa vilabu walibuni desturi ya kumficha mchezaji: kumchukua usiku, kumweka hotelini au nyumbani kwa mfadhili, kumnyang'anya simu na kumlinda hadi muda wa usajili upite, kwa kuwa wajumbe wa kamati za usajili walijua ya kuwa wenzao nao wako njiani na fedha taslimu. Ilitokea mchezaji akasaini huku na huku, na kila klabu ikashika karatasi yake ikiapa ndiyo ya haki. Mwaka 2012 Msimbazi waliamini kwamba Mbuyu Twite, beki aliyekuwa akicheza Rwanda, ni wao, na viongozi wao wakalitangaza jambo hilo bila tashwishi. Alipotua Dar es Salaam alikuwa amevaa jezi ya Yanga, na mgongoni mwake limeandikwa jina la mwenyekiti wa Simba wa wakati ule. Emmanuel Okwi wa Uganda naye alitoka Simba kwenda Tunisia mwanzoni mwa 2013, akaibukia Yanga mwishoni mwa mwaka huo, kisha akarudi Simba mwaka 2014, na kila alipopita aliacha nyuma yake mashauri ya mikataba.

Mashauri hayo ndiyo yaliyombadilisha shabiki. Huko Ulaya, tarehe 15 Desemba 1995, mahakama ilikuwa imekwisha kuamua katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba aende atakako ndani ya Umoja wa Ulaya bila klabu yake ya zamani kudai malipo, na taratibu fikra hiyo ikaingia katika kanuni za dunia nzima. Leo kanuni za FIFA zamruhusu mchezaji aliyebakiwa na miezi 6 ya mkataba kuzungumza na klabu nyingine, na muuza mitumba wa Kariakoo anaijua kanuni hiyo barabara, naye huanza kuhesabu miezi tangu dirisha dogo. Mchezaji Bernard Morrison alipotoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020, na mzozo ukafika hadi mahakama ya michezo ya kimataifa, mabarazani watu walijadili tarehe na saini kwa makini ambayo zamani waliiweka kwa mabao peke yake.

Hata hivyo hakuna darasa lililowafunza mashabiki kama la Feisal Salum. Desemba 2022 kijana huyo wa Zanzibar, aliyekuwa kipenzi cha Jangwani, aliiandikia klabu yake kwamba anauvunja mkataba uliobakiza zaidi ya mwaka mmoja, akaingiza katika akaunti ya klabu shilingi milioni 112, yaani milioni 100 za kuuvunja na milioni 12 za mishahara ya miezi 3. Yanga wakazirudisha. Kamati ya Shirikisho la Soka ikaamua kwamba angali mchezaji wa Yanga, naye akakataa kurejea kambini, na kwa miezi kadhaa nchi nzima ikagawanyika: je, mkataba ni ahadi ya kutimizwa hadi siku yake ya mwisho, ama ni mlango wenye bei, na aliye na bei aweza kuufungua? Niliwasikia wazee ambao hawajapata kusaini mkataba wowote wa kazi wakiuliza mshahara wa milioni 4 kwa mwezi unafaa vipi kwa mtu anayejaza uwanja, na vijana wakiwajibu kwamba aliusaini akiwa na akili timamu. Ilikuwa hoja nzito, na ilizungumzwa vizuri. Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaandalia Yanga chakula Ikulu baada ya fainali yao ya Kombe la Shirikisho Afrika, aliwataka walimalize jambo hilo, na baada ya siku chache Feisal akatambulishwa Azam.

Kwa upande wa Simba, jeraha lina jina la Clatous Chama. Mzambia huyu alikuja mwaka 2018, na Desemba ya mwaka huo, Nkana ya nchini kwake wakiwa wamekuja Dar es Salaam na Simba wakihitaji bao moja zaidi ili kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa, aliupiga mpira kwa kisigino ukaingia wavuni. Kwa bao lile alikuwa amekwisha kuwa wa Msimbazi daima, au ndivyo watu walivyoamini. Kila msimu ulipokwisha uvumi wa kwamba Yanga wanamtaka ulirudi, kila mara ukakanushwa. Agosti 2021 alikwenda Berkane ya Morocco, Januari 2022 akarejea kwa shangwe, na tetesi zikaonekana kufa. Tarehe 1 Julai 2024 Yanga wakamtangaza. Waliokuwa wakizibeba tetesi zile miaka yote, wakaitwa waongo na wachonganishi, siku hiyo walithibitika kuwa waliona mapema. Na waliozikanusha hawakurudi kuomba radhi.

Yanga nao waliukesha msimu huo huo wakimsubiri mchezaji wao Stephane Aziz Ki aamue, akabaki, kisha akaondoka mwaka 2025 kwenda Wydad ya Casablanca.

Nasema basi kwamba tetesi hulelewa na usiri. Katika muundo mpya ambao wanachama wa vilabu vyote viwili waliukubali, asilimia 51 ya hisa imewekwa kuwa yao. Nao ndio wanaonunua jezi, wanaolipa kiingilio, wanaolipia kadi. Inakuwaje mwenye fungu kubwa la mali ajue kwa kubahatisha mchezaji wake atakaa hadi lini? Mkataba una tarehe mbili, ya kuanza na ya kwisha, na zote mbili zaweza kutangazwa siku mchezaji anapotambulishwa, bila kugusa mshahara wake ambao ni siri yake ya haki. Katika mkutano mkuu ujao wa kila klabu, mwanachama mmoja na anyanyue mkono aliombe hilo kabla mwenyekiti hajafika kwenye mengineyo.