Malori ya Mapipa na Vijana wa Gereji

Foleni ya malori pale Tunduma tumeizoea mno, hata hatuulizi historia yake. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wa walowezi Rhodesia, na mwezi uliofuata mafuta ya Zambia yaliyokuwa yakipitia huko yakakatwa. Barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma, wakati huo sehemu kubwa udongo mtupu, ikabeba mzigo usio wake. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta, yakarudi na shaba. Iliitwa Hell Run, na si utani: mvua ikinyesha, lori linazama au linapinduka. Bomba la TAZAMA lilipoanza kazi 1968 ndipo nafuu ikapatikana.

Leo lori la enzi hizo likionekana limelala nyuma ya gereji, wa kwanza kulitolea macho ni mnunuzi wa chuma chakavu. Mimi nasema wapewe vijana. Injini zile hazina kompyuta. Unafungua kwa spana, unasikiliza kwa sikio. Kijana akisafisha pampu ya dizeli huku mzee aliyekuwa utingo akimweleza ni mlima upi ulichemsha rejeta, amepata ufundi na historia kwa mpigo.

Tatizo ni muda. Waliokuwa vijana kwenye safari zile sasa wanagonga miaka themanini. Tukizubaa, hata lori likipona hatutakuwa na wa kutueleza lilipita wapi.