Babu Yetu Aliyezama na Khedive Ismail



Wanafunzi wangu hapa Jinja huniuliza kwa nini kila Februari nyumbani kwetu husomwa khitma ya mtu asiye na kaburi. Ni mdogo wake babu yangu mzaa baba. Hata picha yake hatuna.

Alikuwa askari wa mizinga katika Rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki. Alipanda treni hapa kwenda Mombasa, na mwanzoni mwa Februari 1944 akapakiwa katika meli Khedive Ismail. Safari ilikuwa ya Colombo, Ceylon (Sri Lanka ya leo), kisha Burma kupigana na Wajapani. Meli za msafara zilikuwa tano, zikisindikizwa na manowari. Khedive Ismail peke yake ilibeba watu 1,511: askari wa mizinga karibu 1,000, wanamaji, mabaharia na wauguzi wanawake.

Jumamosi tarehe 12 Februari 1944, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa dakika mbili hivi. Ebu fikirieni, dakika mbili, na vijana wengi wako vyumba vya chini! Walikufa 1,297, wakaokolewa 214 tu.

Lipo jambo ambalo wazee wetu hawakuambiwa. Nyambizi ilijificha chini ya pale pale walipokuwa wakielea walionusurika. Ikiachwa, ingezigeukia meli nne zilizobaki. Basi manowari Petard na Paladin zikaangusha mabomu yao hapo, watu wakiwa majini. Nyambizi ilizamishwa mwishowe. Nimelisoma jambo hili mara nyingi na kila mara hufunga kitabu kwanza.

Nyumbani ilifika barua kwamba amepotea baharini. Amepotea, haikusema amekufa. Mke wake alikuwa na mtoto mchanga. Katika fiqhi mtu wa namna hii huitwa mafqud. Kauli ya zamani ya Imam Shafi'i ni kwamba mke angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi. Kauli yake mpya ni kwamba angoje mpaka kifo kithibitike. Sheikh wa kijijini aliona mwanamke yule asibaki akining'inia maisha yake yote, akamhukumia miaka minne. Bibi akaingia edani mwaka 1948.

Hapo ndipo ugomvi ukazuka. Mzee mmoja wa ukoo alikataa asiswaliwe, akisema amekufa kwa ajili ya mfalme wa Uingereza. Mimi simlaumu sana. Vita havikuwa vyetu, na vijana wetu walipelekwa mbali kwa ugomvi wa wengine. Lakini sheikh alijibu kwamba Mtume s.a.w. amemhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi, bila kuuliza alipanda meli ya nani. Tena Mtume alimswalia Najashi wa Habasha aliyefia mbali, na hiyo ndiyo hoja ya Swala ya Ghaibu.

Wakamswalia baada ya Ijumaa. Yule mzee alichelewa, lakini alikuja, akasimama safu ya nyuma.